Change ni neno la sokoni

Hotuba kwa wahitimu wa darasa la jioni la Kiingereza, Kirumba, Mwanza

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliofunga biashara mapema ili mfike hapa, na ninyi wahitimu: mwadila. Karibuni sana.

Mwenyekiti ameniomba niseme neno, nami nitafanya hivyo hivyo. Nitasema neno moja. Ni la Kiingereza, mlikutana nalo mwanzoni mwa kozi, na wengi wenu mlikuwa nalo mdomoni miaka mingi kabla ya kuja kujiandikisha: change.

Kila asubuhi linasikika ndani ya daladala za Igoma, Buhongwa na Kisesa. Abiria ametoa noti ya elfu tano kwa safari fupi, kituo kinakaribia, anaanza kuhangaika: "Konda, chenji yangu." Konda yuko mlangoni, noti amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, sarafu anazichezesha kiganjani zilie ili wanaosinzia wajue nauli inakusanywa. "Tulia mama, natafuta chenji." Na mama hatulii. Anajua kwamba akishashuka, hela imekwenda. Hajakaa darasa la Kiingereza hata siku moja, lakini maana ya neno hili ameishika barabara: nimetoa, sijapokea kilicho changu, kwa hiyo hatujamalizana.

Naomba mshike hapo hapo, maana ndipo neno lilipotoka.

Darasani huwa tunaligawa mara mbili. Tunaandika ubaoni: change, chenji, halafu chini yake: change, mabadiliko. Mwanafunzi anaondoka akidhani ni maneno mawili yaliyofanana herufi kwa bahati. Ni neno moja, na katika hizo maana mbili, ile ya kupeana na kupokea ndiyo iliyo karibu na mzizi. Mabadiliko ya hali ya hewa, ya serikali, ya tabia ya mtu, yote ni matawi yaliyochipua juu ya shina la biashara.

Waingereza wenyewe hawakuzaliwa nalo. Kabla ya mwaka 1066 walikuwa na maneno yao ya kugeuka na kugeuza, mojawapo ni wendan, ambalo masalia yake ni went, hilo mnalolikariri kama wakati uliopita wa go huku mkijiuliza limetokea wapi. Mwaka huo Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakamshinda mfalme wa Uingereza, na kwa muda mrefu mabwana wa nchi wakawa ni watu wa Kifaransa. Maneno ya mahakamani, ya mezani kwa wakubwa na ya biashara yakamiminika. Katika karne ya 13 tunalikuta change limeshaingia kwenye maandishi ya Kiingereza, limechukuliwa kwenye changier ya Kifaransa cha kale. Kifaransa nacho kililirithi kutoka Kilatini, cambire na baadaye cambiare, na maana yake huko ilikuwa ni kubadilishana. Wanaochunguza asili ya maneno wanadhani Kilatini kilikopa kwa Wakelti, kwenye mzizi uliohusu kitu kilichopinda. Huko sitawapeleka, ni mbali na giza ni nene.

Lakini hapa kwenye Kilatini naomba nikae kidogo, kwa sababu mmoja wa watu wa kale kabisa ambao maandishi yao yametubakizia neno hili ni mtu wa bara letu. Anaitwa Apuleius. Alizaliwa Madauros, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Karibu na mwaka 158 alishtakiwa kwa uchawi: kwamba amemroga mjane tajiri hadi akakubali kuolewa naye. Akasimama mbele ya liwali wa Kirumi kule Sabratha, Libya ya leo, akajitetea kwa hotuba ndefu ambayo bado inasomwa. Mahali fulani katika hotuba hiyo anamgeukia mshtaki wake na kumwambia kwamba yeye hajui wala hana haja ya kujua kama bwana huyo ana watumwa wa kumlimia shamba, au anabadilishana kazi na majirani zake. Hapo kwenye kubadilishana kazi na majirani ndipo alipotumia cambire.

Mmesikia? Si dhahabu, si fedha. Ni jembe. Leo nalima kwako, kesho unalima kwangu. Mzee yeyote wa Usukuma aliyewahi kulima katika kikundi, ngoma ya bugobogobo inapigwa na majembe yanapanda na kushuka pamoja, anaielewa sentensi hiyo ya Apuleius bila mkalimani. Na anaelewa pia kwamba katika kazi ya namna hiyo kuna deni linalotembea. Jirani aliyekuja kwako Jumatatu hajakupa zawadi. Ukilala siku ya zamu yake, kijiji kizima kitajua.

Neno liliendelea na safari. Waitaliano wakawa na cambio, Wahispania cambiar. Waliobadilisha fedha Italia walikaa kwenye benchi sokoni, na benchi hilo, banco, ndilo lililotupa benki. London wakapata jengo kubwa la wafanyabiashara, Royal Exchange, lililojengwa na Thomas Gresham na kufunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1571, nao wafanyabiashara wakaliita kwa mkato tu, 'Change. Maana ya sarafu unazorudishiwa ilikuja baadaye.

Sasa neno la kubadilishana lilifikaje kwenye kuwa tofauti? Njia si ndefu. Ukitoa mbuzi ukapokea jembe, uliyokuwa nayo jana siyo uliyo nayo leo. Ukivua nguo hii ukavaa ile, kimoja kimeondoka, kingine kimeshika nafasi yake. Kidogo kidogo watu wakaacha kuangalia mikono miwili inayopeana, wakaangalia tu kwamba mambo siyo yale tena. Hapo ndipo mtoaji na mpokeaji walipofichika ndani ya neno. Wamefichika, hawajatoka.

Tuje kwetu. Kubadili tumelipata kwa Waarabu, na ndugu yake wa damu ni badala. Badala ya wali nipe ugali. Badala ya Juma amekuja Hamisi. Kimoja kinaondoka, kingine kinakaa mahali pake. Kwa hiyo Mswahili na Mwingereza, kila mmoja kwa njia yake, wameliita jambo hili kwa jina la kubadilishana. Tunalo pia neno letu la Kibantu, kugeuka, na hilo halina soko ndani yake. Anayegeuka ni yule yule, ila sasa uso umeelekea kwingine. Ndiyo maana mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, watu wengi walipenda kusema mageuzi kuliko mabadiliko. Waliosema hivyo walikuwa na akili zao.

Jambo nililokuja kuwaambia ni hili. Mtakaposikia neno mabadiliko, na Kiingereza chenu kipya kitawafanya mlisikie mara mbili zaidi, kwenye semina, kwenye mikutano ya miradi, kwenye matangazo ya kazi, ulizeni kama mama wa daladala. Badala ya nini? Nani ametoa, nani amepokea, na chenji iko kwa nani?

Mwanza ina historia ya kuuliza hivyo. Hata sarafu zetu zinasimulia. Wajerumani walipotawala, rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 wakaipanga upya ikawa heller 100, na heller hiyo ndiyo hela tunayoitaja leo bila kumkumbuka Mjerumani yeyote. Waingereza wakaja na shilingi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1966 tukapata shilingi yetu. Kila mara wakubwa walipobadilisha fedha, mkulima alilazimika kujifunza upya thamani ya jasho lake.

Na mkulima wa pamba aliijua thamani hiyo kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya 1950, pamba ilikuwa ikifika kwa mnunuzi, mzani ni wa mnunuzi, anayeusoma ni mtu wa mnunuzi, daftari ni la mnunuzi. Mkulima anasimama pembeni na kusubiri aambiwe. Vuguvugu la ushirika la Kanda ya Ziwa, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, halikuanza na nadharia za uchumi. Lilianza na mzani. Wakulima walitaka mtu wao asimame pale, aone mshale umesimama wapi. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba siasa ya uhuru katika mkoa huu ilipita kwenye mizani ya pamba, na sioni sababu ya kulisema kwa sauti ndogo.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote liko pale chini, majini. Wenye umri wangu na zaidi mnamkumbuka furu. Samaki mdogo, wa kujaa kiganja, mwenye miiba, wa rangi nyingi. Ziwa hili lilikuwa na aina zake kama 500, na nyingi hazikupatikana popote pengine duniani. Mama zetu walimnunua ufukweni kwa mafungu, wakamtandaza juani juu ya mawe, na mawe Mwanza hayajawahi kuwa na uhaba. Jua likafanya kazi yote. Akikauka alisafirishwa kwenda vijijini, mbali na ziwa, na familia isiyo na uwezo ikapata kitoweo.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara alipandikizwa katika ziwa. Hoja yake ilieleweka: furu ni wengi, wadogo, hawana bei, tuwape samaki mkubwa awale, nasi tumle yeye. Badala ya furu, sangara. Ni biashara. Mtu akageuza vidagaa vyenye miiba kuwa samaki anayeweza kufika kilo 200.

Kwa miaka mingi hakikuonekana kitu. Halafu katika miaka ya 1980 sangara akafumuka. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa hapa hapa katika Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 wakiwahesabu furu, na nyavu zao zikashuhudia aina moja baada ya nyingine ikipotea. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Si sangara peke yake. Udongo na mbolea za mashambani na maji machafu ya miji yetu yalitia ukungu ziwani na kupunguza hewa ndani ya maji, na furu, ambao huchaguana kwa rangi, walishindwa kuonana.

Tupige hesabu, na tuipige kwa haki. Tulipokea nini? Viwanda vya minofu, ajira, fedha za kigeni. Ndege zilibeba minofu kutoka Mwanza kwenda Ulaya. Nyumba nyingi mnazoziona kwenye milima hii zimejengwa na sangara, na watoto wengi wamesomeshwa naye, nikiwemo mimi. Sitasimama hapa nimtukane.

Tulitoa nini? Hapo ndipo daftari lilipokuwa halina mtu wa kulisoma. Tulitoa furu, hilo linajulikana. Lakini pia sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama furu. Lazima abanikwe au akaangwe, na hiyo ni kuni. Miti ya visiwani na ya mwambao ikaingia kwenye bei ya samaki bila mtu yeyote kuiandika. Kisha samaki mzima akapanda bei, akawa wa kiwandani. Mama aliyekuwa akisimama ufukweni na beseni lake, akichagua na kupatana na mvuvi uso kwa uso, akajikuta mtumbwi ukifika tayari una mwenyewe, umekopeshwa mashine na nyavu na tajiri wa kiwanda.

Mama yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alihamia kwenye mapanki: vichwa na migongo inayobaki baada ya minofu kuondolewa. Alikuwa akifika kabla hakujapambazuka, anapokea magunia yanayochuruzika maji, anapasua vichwa kwa panga juu ya gogo, halafu vinaingia kwenye karai kubwa lililokatwa kutoka kwenye pipa. Mafuta ya kukaangia yalitoka kwenye samaki mwenyewe. Nilikaa pembeni ya karai hilo nikiwa na daftari la hesabu mapajani, moshi unaniliza, naye ananiuliza: gunia nimelinunua kwa hii, kuni hii, mtu wa mkokoteni hii, nimebakiwa na nini? Hakuwahi kuuza kitu bila kuuliza hivyo. Wale walioamua kubadili ziwa zima hawakuwahi kumuuliza yeye.

Hilo ndilo linaloniuma, na naomba mnielewe. Sipingi mabadiliko. Ninachodai ni kwamba anayetoa awepo mezani wakati bei inapangwa. Leo tunaona mabondo ya sangara, yaani vibofu vyake vya hewa, yakiuzwa kwa bei kubwa kuliko nyama yake yenyewe, yanakwenda China, na mvuvi wa Ukerewe au Kome bado anaambiwa bei na simu ya mtu aliye mbali. Mzani umehama tu, kutoka kwenye ghala la pamba hadi kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Na siyo kila mara tunapunjwa. Angalieni Kigongo na Busisi. Miaka nenda rudi tulipanga foleni ya kivuko pale, magari yamejaa, mgonjwa wa kutoka Sengerema kuja Bugando yuko ndani ya gari anasubiri zamu pamoja na malori ya mahindi. Juni 2025 daraja likazinduliwa, kilomita 3 juu ya maji, na sasa mtu anavuka kwa dakika chache. Hiyo ni chenji iliyorudishwa mkononi, tena mbele ya mashahidi. Mwenye mgonjwa hahitaji hotuba yangu.

Hata hivyo foleni ile nayo ilikuwa soko. Kulikuwa na wanaouza mayai ya kuchemsha, karanga, samaki wa kukaanga, maji, vocha. Muda ambao sisi tuliuona umepotea, wao ndio waliokuwa wakiuishi. Gari lisiposimama, karanga hazinunuliwi. Kuwakumbuka si kulitukana daraja. Halmashauri ikipanga vituo vya mabasi na masoko kwenye barabara ile mpya, hao wawe wa kwanza kuulizwa wanataka vibanda viwe wapi, kwa sababu katika biashara ile ya daraja wao ndio waliotoa bila kupokea.

Nije kwenu wahitimu, maana ninyi nanyi mmefanya biashara. Mmetoa jioni zenu. Najua waliokuja hapa moja kwa moja kutoka mwaloni, magamba ya samaki bado yako kwenye viatu. Najua waliopaki bodaboda nje na kuacha abiria. Mmepokea Kiingereza, na ni chenu kwa haki. Lakini hapa mjini kuna watu wanaoiuza lugha hii kwa mtindo wa badala: wacha Kiswahili upate Kiingereza, mfiche bibi na Kisukuma chake wageni wanapokuja. Lugha haiko hivyo. Sangara alimla furu kwa sababu ziwa ni moja na tumbo ni moja. Kichwa cha mtu kina nafasi. Mkimsikia mzazi anamkataza mtoto kuongea na bibi yake ili asiharibu Kiingereza, mwambieni kwamba ameuza bila kulazimika kuuza.

Na huyo furu, kabla sijaketi. Sangara alipovuliwa sana na kupungua, baadhi ya furu waliodhaniwa wamekwisha walionekana tena katika ghuba yetu. Watafiti walipowapima wakakuta hawako kama zamani. Kuna aina ambayo matamvua yake yamekuwa makubwa zaidi, ipate hewa katika maji haya mazito, na wengine wamehamia kwenye vyakula ambavyo hawakuvila mwanzo. Hawa hawakubadilishwa na mtu. Walibaki furu, wakageuka.

Kiingereza kitawaambia hiyo nayo ni change. Ninyi mna Kiswahili, kwa hiyo mtakapotafsiri taarifa za ziwa, za mradi, za bajeti ya halmashauri, na naamini wengi wenu mtafanya kazi hiyo, angalieni kwanza jambo lenyewe ndipo mchague neno. Kama kuna aliyetoa na aliyepokea, andikeni majina yao wote wawili kwenye ukurasa huo huo.

Mgeni rasmi, vyeti viko tayari mezani, na nimeambiwa majina yataitwa kwa kuanzia safu ya nyuma. Asanteni kwa kunisikiliza.